Kupiga hodi penye katoni

New York ni mji ambao mtu akikosa pa kulala, serikali ya mji inalazimika kumpa kitanda usiku huohuo. Si hisani, ni amri iliyotokana na mahakama. Mwaka 1979 wakili mmoja kijana, Robert Hayes, aliishtaki serikali kwa niaba ya wanaume waliokuwa wakilala ovyo mitaa ya Bowery, na mmoja wao, Robert Callahan, ndiye aliyeipa kesi jina lake. Mapatano yakatiwa saini Agosti 1981. Callahan mwenyewe hakuyaona. Alikufa mtaani kabla.

Kwa hiyo kila mgeni ninayempokea kutoka nyumbani Mombasa, akiona watu wamejikunyata kwenye stesheni za treni usiku wa Januari, huniuliza swali lilelile: kitanda kipo, chakula kipo, vyote bure, mbona hawaendi? Na kabla sijafungua mdomo huwa ameshajijibu mwenyewe kwamba ni wendawazimu hao, au walevi. Wagonjwa wapo, na walevi wapo, sikatai. Lakini mimi nimefanya kazi ya zamu ya usiku na kikosi cha kuwatembelea wanaolala nje, na jambo lililonishika mapema ni kwamba wengi waliokuwa wakikataa shelta, yale malazi ya bure ya mji, walikuwa wameshalala shelta. Hawakatai kitu wasichokijua.

Kazi yenyewe haina maajabu. Gari moja, watu wawili, maboksi ya soksi, supu ya kopo, blanketi, na rundo la fomu. Unazunguka eneo lako, unawaendea watu walipo, unazungumza nao, unaandika umemwona nani na wapi. Mtu akionekana nje mara kadhaa anaingizwa kwenye orodha, na akishaingia kwenye orodha ndipo milango mingine inapoanza kufunguka: hosteli ndogo, daktari, hatimaye maombi ya nyumba. Wakati wetu hukuweza kumlazimisha mtu kuingia garini, ila ikiwa maisha yake au ya wengine yalikuwa hatarini, na hata hivyo ni polisi na wauguzi walioitwa. Basi silaha yako ilikuwa maneno tu.

Mwenzangu wa gari alikuwa Mpuertoriko wa makamo ambaye naye aliwahi kulala nje miaka ya tisini. Hakuwa mtu wa kufundisha. Unamtazama tu. Akifika kwa mtu aliyelala hakanyagi katoni. Anasimama hatua mbili tatu kutoka ukingoni, upande ambao mtu akifumbua macho atamwona bila kugeuza shingo, anachuchumaa, na kusema kwa sauti ya kawaida: habari za usiku, ni mimi na gari la soksi. Asipojibiwa anarudia. Asipojibiwa tena anaacha soksi pale pale ukingoni na kuondoka.

Mimi nikacheka moyoni, maana nilikuwa naijua adabu hiyo tangu utotoni. Kwetu unapiga hodi mara tatu, ukikosa jibu unarudi ulikotoka, hata kama unamsikia mwenye nyumba anakohoa ndani. Ana sababu zake. Na hutupi jicho chumbani kwa watu. Tofauti ni kwamba pale nyumba yenyewe ni kipande cha boksi la friji, ukuta hakuna, na kila mpita njia ameshajipa ruhusa ya kuingia. Polisi amegonga na kirungu, mfagiaji ameamuru waondoke, kijana mlevi amepiga teke. Ukiwa mtu wa kwanza usiku ule kubisha, unasikilizwa. Si lazima ukubaliwe, lakini unasikilizwa.

Swali ambalo fomu ilituamuru tuulize lilikuwa moja: uko tayari kwenda shelta usiku huu? Jibu ni hapana, tunaweka alama, tunaenda mbele. Ukifuata hivyo utamaliza mwaka na vitabu vya hapana. Yule Mpuertoriko aliuliza kinyume, na mimi nikaiga: mara ya mwisho ulipolala ndani, kilitokea nini? Hapo watu huongea.

Mmoja aliniambia habari ya viatu. Shelta nyingi za wanaume ni ukumbi wenye vitanda vimepangwa safu kwa safu. Ukilala, unainua miguu ya kitanda na kuitumbukiza ndani ya viatu vyako, kila guu la kichwani kiatu kimoja, ili mwizi asiweze kuvichukua bila kukuinua wewe mwenyewe. Simu unaificha kwenye chupi. Dawa pia, hasa dawa, maana baadhi zinauzika. Ukilala hivyo wiki nzima, mwili uko kitandani lakini usingizi huna. Kwenye treni angalau mwanga hauzimwi na watu wengine wanaona.

Mwingine alikuwa anaosha vyombo kwenye mgahawa hadi saa nane za usiku. Shelta inataka uwe umeweka saini saa nne, vinginevyo kitanda kinapewa mtu mwingine. Ruhusa ya kuchelewa ipo, ila ulete barua ya mwajiri. Mwajiri wake alikuwa akimlipa taslimu mkononi. Hiyo barua angeiandika nani?

Wapo wanandoa waliolala pamoja chini ya daraja kwa sababu kila shelta ingewatenganisha, mwanamume huku na mwanamke kule, labda waonyeshe cheti cha ndoa au uthibitisho kwamba wamekuwa wakiishi pamoja. Wapo wenye mbwa. Wapo waliofukuzwa kwa kupigana na hawataki kusema. Na wapo wanaume watu wazima ambao hawawezi kuvuka ule mlango wa mapokezi, kwa sababu jengo la matofali mekundu la Mtaa wa 30 ambako wanaume wasio na familia walipokelewa kwa miaka mingi lilikuwa zamani hospitali ya wagonjwa wa akili, na wao waliwahi kulazwa humo. Unamwambia mtu aende apumzike mahali alipofungwa mikono.

Sasa nije kwa mzee wa feri, maana yeye ndiye aliyenifundisha zaidi, na pengine ni kwa kuwa tulielewana lugha.

Feri ya Staten Island, inayovuka kati ya Manhattan na kisiwa hicho cha New York, ni bure tangu 1997, na inatembea usiku na mchana. Safari ni kama dakika 25. Kila ikifika upande mmoja abiria wote lazima washuke, kwa hiyo huwezi kulala humo moja kwa moja, lakini ukumbi wa kungojea una joto, una choo, na ukijua ratiba unapata usingizi wa vipande vipande hadi alfajiri. Usiku mmoja nikapita benchi la nyuma nikamsikia mtu chini ya koti anasema, "Ya Rabbi, baridi gani hii." Kwa Kiswahili safi cha pwani. Nilisimama kama nimepigwa.

"Shikamoo, mzee."

Kimya. Kisha koti likasogea. "Marahaba. Wewe mtoto wa wapi?"

"Mombasa. Kibokoni."

"Aa. Mimi Tanga, Ngamiani." Akanitazama kuanzia viatu hadi mtandio. "Na wazazi wako wanajua unazurura usiku huu?"

Alikuwa baharia. Meli yake ilitia nanga hapa mwaka 1979, akashuka, asipande tena. Kama wengine wengi alibeba maboksi kwanza, halafu akaingia jikoni za hoteli, akakaa humo miaka mingi. Akaoa, akaachana. Hoteli ikabadilisha wenyewe, wafanyakazi wa zamani wakapunguzwa, pango la nyumba likamshinda. Hadithi ya kawaida kabisa, na nimeona niiseme hivyo kwa sababu watu hupenda kutafuta kisa kikubwa nyuma ya kila anayelala nje. Mara nyingi kisa ni pango.

Shelta alilala. Hakuibiwa wala hakupigwa. Kilichomtoa kilikuwa kitu ambacho hakuna fomu iliyokiuliza. Mwezi wa Ramadhani ulimkuta yuko ndani. Chakula cha jioni kiligawiwa saa kumi na moja, jua bado, na hakiruhusiwi kupelekwa kitandani. Daku hakuna. Kutawadha alfajiri maana yake ni kwenda peke yako kwenye mabafu ambayo hata vijana wenye misuli wanaingia wawili wawili. Na baada ya wiki kadhaa za tathmini wakamhamishia shelta nyingine mbali, ng'ambo ya mji, ambako kufika msikiti aliouzoea ni treni mbili na basi. Msikiti ule ndio uliokuwa ukimlisha, ukimpa mahali pa kuoga Ijumaa, na ukitunza begi lake la nguo. Yaani shelta ilimpa kitanda na kumnyang'anya kila kitu kingine kilichokuwa kikimsimamisha. Akapiga hesabu, akarudi feri.

Ninaposema hesabu ninamaanisha hesabu kweli. Kila ninayemkumbuka alikuwa na yake: joto, choo, usalama, chakula, mtu wa kunizika nikifa, weka upande mmoja, kitanda weka upande wa pili. Sisi wenye nyumba tunaona kitanda tu kwa sababu vingine vyote tunavyo.

Lakini mzee alikuwa na sababu nyingine ambayo ilichukua miezi kutoka. Aliamini hana makaratasi. Kwa hivyo kila tulipofika kwenye fomu alibadilisha mazungumzo, ananiuliza bei ya pweza Mombasa. Kumbe mwaka 1986 ilipitishwa sheria iliyowahalalisha walioingia Marekani kabla ya Januari 1982 na kukaa mfululizo, naye alijiandikisha wakati ule, akapata kadi yake ya ukaazi. Kadi alikuwa nayo hadi asubuhi moja lori la taka lilipozoa vitu vyote vilivyokuwa chini ya daraja alikolala, pamoja na begi lake. Kuanzia siku hiyo akajihesabu mtu asiye halali, na akijificha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kadi ikipotea, haki ya ukaazi haipotei nayo.

Hapa ndipo mambo yalipogeuka, na si kwa maneno matamu. Tulimpeleka kwa wakili wa bure. Akaombewa kadi mpya na kusamehewa ada. Wakati wa kutafuta kumbukumbu zake ikajitokeza kwamba zile jikoni za hoteli zilikuwa zikikata fedha za hifadhi ya jamii miaka yote, na kwamba alishapita umri wa miaka 62 zamani, kwa hiyo ana pensheni ambayo hajawahi kuiomba. Mzee alikuwa analala kwenye benchi huku pensheni yake imelala ofisini. Alipoelezwa alinyamaza kidogo kisha akasema, "Hebu mwambie arudie hiyo."

Nimewaona wengi wa aina yake. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya hifadhi ya jamii, kitambulisho: bila hivyo vitatu maombi ya nyumba hayasogei, na ndivyo vitu vya kwanza kuzolewa na lori. Kila usafishaji wa mtaa unamrudisha mtu mwanzo, miezi na miezi. Ndiyo maana sisi tulianza kupiga picha za nyaraka za kila mtu aliyekubali, na kuziweka ofisini. Kazi ndogo ya simu, na sijui kitu kingine tulichofanya chenye faida kuliko hicho. Nasema hivyo nikijua supu ndiyo inayopigwa picha za magazeti.

Tena miguu. Mtu asipozungumzia miguu ya wanaolala nje, hajakaa nao. Anayelala ameketi, kwenye treni au kwenye vile vituo vya wasio na makazi vyenye viti tu, bila vitanda, damu na maji vinashuka chini usiku kucha. Miguu inavimba, ngozi inakakamaa na kung'aa, kisha inapasuka karibu na kifundo, na kidonda hicho kwenye soksi mbichi hakiponi. Kuna mama mmoja, Mmarekani mweusi, alilala miaka kwenye ngazi za kanisa. Alikuwa na kigari cha supamaketi kilichofunikwa turubai la bluu, na shelta zinakubali mabegi mawili. Hakutaka kuzungumza nyumba, hakutaka kuzungumza chochote. Alichoomba ni mkasi wa kucha. Nikamletea. Baadaye akaomba soksi za wanaume, namba kubwa. Nikaelewa kwamba viatu havimwingii tena. Muuguzi wetu akaja, akachuchumaa pale ngazini na beseni la maji ya vuguvugu, akamwosha miguu na kumfunga bandeji, na hakumwuliza jina. Hivyo hivyo kila juma.

Ni muuguzi huyo ambaye hatimaye aliulizwa swali. Tulikuwa tumetaja hosteli ndogo, zile ziitwazo Safe Haven, ambazo masharti yake ni machache na nyingine zina vyumba. Yule mama akauliza: "Mlango una ufunguo?" Tukasema unao. "Anakaa nao nani, mimi au mlinzi?"

Hatukujua. Tukapiga simu kuuliza, na tukamwambia kweli: ana wake, na ofisi ina mwingine. Akataka kupaona kwanza. Tukampeleka mchana, na kigari chake kikalindwa na mhudumu wa kanisa. Akafunga mlango kwa ndani, akafungua, akafunga tena. Akachungulia dirishani. Halafu akaomba arudishwe kwenye ngazi zake, na tukamrudisha. Ofisini walikasirika, chumba kitakaaje kitupu? Baada ya siku kadhaa alihamia, na mwanzoni alilala sakafuni, viatu mguuni, mlango akiutazama. Wafanyakazi wa pale wenye akili walimwacha.

Sidhani kuna siri katika haya. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha hapahapa New York mpango wa Pathways to Housing, akawapa watu wenye maradhi ya akili, waliotoka mtaani, fleti zao moja kwa moja, bila kudai kwanza waache pombe au wakubali dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano 88 katika kila 100 walikuwa bado ndani ya nyumba, wakati kwenye utaratibu wa kawaida walikuwa 47. Watu haohao walioitwa "hawataki kusaidiwa".

Na kama mtu bado ana shaka, korona ilifanya jaribio ambalo hakuna mtafiti angepewa ruhusa ya kulifanya. Mei 2020 treni za chini ya ardhi zilifungwa kila usiku kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja alfajiri, mtandao ambao tangu 1904 ulikuwa ukitembea usiku kucha, na wote waliokuwa wakilala humo wakatolewa juu. Wakati huohuo mji ulikodi mahoteli, ukahamishia humo maelfu ya watu wa shelta ili wasiambukizane, wawili wawili chumbani. Vikosi vya mtaani navyo vikapata vyumba. Watu ambao majina yao yalikuwa na hapana za miaka wakauliza tu gari liko wapi. Chumba, bafu, mlango. Majira ya joto ya 2021 wengi wakarudishwa kwenye kumbi za vitanda vya safu, na wengine wakaona bora warudi nje. Nilikutana na baadhi yao kwenye mabenchi yaleyale. Hapo sikuuliza kitu.

Si kila mtu alipatikana. Kuna kijana alizungumza na sauti ambazo sisi hatukuzisikia, na kila tulipomkaribia alihama mtaa mzima. Kwake yeye ufunguo wala picha ya kitambulisho havikusaidia, na usiku wa baridi chini ya nyuzi sifuri tulikuwa tukimtafuta ili tu kujua kama yu hai. Wanaosema kila mtu ataingia ukimpa mlango wanarahisisha, kama wanavyorahisisha wale wanaosema wote ni wendawazimu. Yeye alihitaji daktari anayetembea, anayerudi, mtu yuleyule kila mara, na madaktari wa namna hiyo ni wachache.

Mzee wa feri alipata chumba Bronx, jengo la wazee, jiko lake mwenyewe na choo chake. Msikiti uko umbali wa basi moja. Siku ya kwanza alinipigia simu saa nne za usiku. Nilidhani kuna msiba. Kumbe anashtaki joto. Majengo ya zamani ya New York hupashwa joto kwa mvuke, na huna pa kupunguzia. "Mwanangu, Januari hii nimefungua madirisha mawili na bado natoka jasho. Hii ndiyo nyumba mliyoniwekea sahihi?" Tena jirani wa juu anapika nyama asiyoila yeye, harufu inashuka. Anataka kuhamia Staten Island, jengo lolote linaloitazama feri. Nikamwambia orodha ya kungojea ni ndefu. Akasema yeye si mgeni wa kungoja, nilete fomu. Nilimpelekea. Ameirudisha bila kuweka saini, kwa sababu jina la baba yake nimelikosea herufi moja.